Drools: kuondoa kanuni na vifurushi bila kuzima programu

Karibu. Fungua mradi wako wa Drools, injini ya kanuni ya Java, twende pamoja.

Anza na KieBase, yaani hazina ya kanuni, inayotumiwa na sesheni zako (sesheni ndimo data hukutanishwa na kanuni). Kwenye sesheni yenyewe, ita getKieBase(). Ukiunda nyingine kwa newKieBase(), utafuta kanuni huko huku sesheni zinazoendelea zikibaki nazo.

Kisha hakiki majina. Pitia getKiePackages(), uchapishe jina la kila kifurushi na la kila kanuni iliyomo. Jina la kifurushi ni lile linalofuata neno package juu kabisa ya faili ya DRL (faili zinamoandikwa kanuni), wala si jina la faili. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika. Ukikosea jina wakati wa kuondoa, utarushiwa IllegalArgumentException.

Sasa andika:

kieBase.removeRule("bei.punguzo", "Punguzo la jumla");

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo tazama skrini kwa makini. Katika mfano wangu wa oda za duka, oda namba 8 ilikuwa kwenye ajenda, yaani foleni ya kanuni zilizo tayari kutekelezwa, ikisubiri kanuni hii, imetoka. Oda namba 7 ilikwisha kupunguziwa asilimia 10, na asilimia 10 hiyo ipo palepale! Kuondoa kanuni hakutengui kazi iliyokwisha kufanya. Taarifa zilizoingizwa kwa insert zinabaki. Za insertLogical, ambazo huishi tu maadamu kuna kanuni inayozishikilia, hufutika, mradi hakuna kanuni nyingine inayozishikilia. Ukijua kwamba kanuni fulani itaondolewa siku moja, tumia insertLogical tangu mwanzo.

Fanya kazi hii kati ya fireAllRules() moja, amri inayofyatua kanuni, na inayofuata. Katikati ya ufyatuaji, badiliko linaweza kuwekwa foleni hadi sesheni itulie, nawe ukadhani limegoma. Thibitisha kwa getRule(): ikirudisha null, kanuni imeondoka.

Kifurushi kizima huondolewa hivi:

kieBase.removeKiePackage("bei.punguzo");

Amri hii hubeba kila kitu: kanuni, fanksheni, globali, hata aina za data ulizotangaza kwa declare. Ikiwa kifurushi kingine kinazitegemea aina hizo, umekikata miguu. Ziweke kwenye kifurushi chake peke yake, usichokigusa.

Tena, yote haya yamefanyika kwenye kumbukumbu tu. Programu ikiwashwa upya, kanuni inarudi. Kwa uondoaji wa kudumu, ifute kwenye DRL, toa toleo jipya la kjar (faili ya JAR inayobeba kanuni zako), kisha ita updateToVersion() kwenye KieContainer, kitu kinachopakia kjar hiyo. Drools italinganisha matoleo mawili na kuondoa kilichokosekana, sesheni zikiwa hai.