Mshipa wa Marumaru ni Ufa: Kupaka Rangi Ifanane na Jiwe

Karibuni. Kibao hiki kina sentimita 60 kwa 40, nimeshakipiga msasa namba 120, kisha 220, nikafuta vumbi na kupaka praima, yaani rangi ya msingi. Juu yake ipo rangi nyeupe ya maji, mikono miwili, yaani tabaka mbili, yenye mng'ao hafifu. Mng'ao huo ni wa lazima. Rangi isiyong'aa kabisa hunywa chochote utakachopaka juu yake, na doa likishanywewa halifutiki.

Tunatafuta marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, mfano wa ile ya Carrara, Italia. Kabla ya kushika brashi, tuelewane mshipa ni nini. Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini. Mishipa yake ni udongo na madini yaliyokuwemo, yakavutwa na kukunjwa, au ni nyufa zilizojazwa madini mengine. Kwa hiyo mshipa una mwelekeo, kama ufa wa ukutani. Wengi huchora mizizi ya mti, halafu hulaumu brashi.

Changanya kipimo kimoja cha rangi ya maji, vinne vya glezi, yaani ule uji usio na rangi unaochelewesha kukauka, na nusu kipimo cha maji. Kijivu chenyewe ukipate kwa nyeupe, nyeusi kidogo na chembe ya kahawia. Nyeusi na nyeupe peke yake huelekea ubuluu, jiwe likaonekana kama plastiki. Una dakika 10 hadi 15 za kufanyia kazi, na hewa ikiwa ya joto hupungua.

Sponji ilowe, uikamue mpaka isidondoke. Ikiwa kavu itafyonza glezi badala ya kuiachia. Gonga mawingu mepesi kwa mshazari, ukiacha kama theluthi ya weupe bila kuguswa, kisha pitisha brashi laini, kavu, kama unayepangusa vumbi.

Sasa mshipa. Tazameni mkono wangu: unyoya wa ndege, uliochovywa kwenye kijivu, naushika mwishoni kabisa, naanzia nje ya ukingo wa kibao, nauvuta huku nikiuzungusha kati ya vidole. Mshipa unanenepa hapa, unakonda pale, unakaribia kupotea. Uachwe utetemeke. Mishipa ikutane kama herufi Y, isikatane kama X, na nafasi kati yake zisilingane. Kisha lainisha upande mmoja tu wa mshipa, wa pili ubaki mkali. Hapo ndipo jiwe linapopata kina, na hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Ukikosea, kitambaa chenye maji kinafuta mara moja. Glezi ikianza kunata, acha ikauke, urekebishe baadaye. Ukilazimisha, itachubuka.

Rangi ya dhahabu? Mshipa mmoja, mwembamba, kama huwezi kujizuia.

Graniti haina mishipa mingi hivyo: gonga rangi tatu kwa sponji, ukiigeuza kila mara alama zisijirudie, halafu rusha vitone kwa mswaki wa zamani.

Ukuta mpana usiupake kama jiwe moja. Ugawe vipande kwa utepe wa karatasi, upake kimoja na kuruka kimoja, urudi kwa vilivyobaki, vya kwanza vikikauka. Mshipa usivuke kiungo kwenda kipande cha jirani. Mafundi wa mawe kwa kawaida hawakati hivyo.

Vanishi isubiri saa 24. Ukiharakisha, brashi itaburuta kijivu chote. Tumia ya maji, mikono miwili au mitatu, bila kurudia ulipopita, kwani ya mafuta hugeuza nyeupe kuwa manjano. Na meza inayowekewa sufuria za moto haifai kazi hii: vanishi hulainika, sufuria ikaondoka nayo.

Kibao nakiacha hapa mezani. Kukigusa ni kesho.