Usitume Dipoziti Kabla Hujafungua Mfereji: Kukagua Nyumba ya Kupanga Nairobi

Haya, mambo vipi nyote. Leo niko Kasarani kwa bedsita moja, nyumba ya chumba kimoja, iko tupu, keateka anayesimamia jengo amekubali nirekodi, kwa hivyo tuikague pamoja kama ni wewe unataka kuhamia.

Kabla hata tupande ngazi. Ukiona nyumba Facebook, picha safi, renti iko chini kushinda mtaa mzima, alafu ajenti anakwambia tuma kitu kidogo ya kushikilia juu kuna mtu mwingine anakuja jioni, usitume, hata kama ni mia tano. Pesa inatoka ukishaingia ndani na kuongea na keateka na ukajua mwenye nyumba ni nani. Na ukiambiwa ulipe miezi mingi mbele, omba namba ya hati ya ardhi ufanye sachi Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa serikali ulioanza 2021, jina lisipofanana na la huyo anayedai pesa, akueleze.

Sasa tuko nje. Zunguka jengo kwanza. Ukiona alama ya X imechorwa ukutani, ile ya majengo ya kubomolewa, geuka urudi steji, usiulize renti. Lile jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016 likaua watu zaidi ya 40 lilikuwa kando ya mto, na kaunti ilikuwa ishaagiza libomolewe, lakini watu walikuwa bado wanalipa kodi mle. Kama unaangalia ya chini, chuchumaa hivi uone ukuta karibu na sakafu. Rangi mpya sehemu ya chini tu, juu ni ya zamani? Uliza maji yalifika wapi ile masika ya 2024.

Ingia ndani. Taili achana nazo, taili zinadanganya watu wengi sana hii Nairobi. Enda mferejini. Fungua wa jikoni, fungua wa bafu, flashi choo, yote kwa wakati mmoja, uone presha inabaki au inakufa. Hapa unaona... inakufa. Keateka anacheka, anajua. Alafu uliza maji ni ya kanjo, yaani ya kaunti, ama ya borehole, kwa sababu ya kanjo huja kwa ratiba, sa uliza ni siku gani na tangi linashikilia hadi lini mkiwa wote mmeosha nguo Jumamosi. Ya borehole onja kidogo na uteme, paka sabuni mkononi, povu ikikataa utanunua sabuni mpaka uchoke. Na kama una mtoto, borehole nyingi za hapa zina floraidi nyingi, ile hugeuza meno yawe kahawia, kwa hivyo hesabu maji ya kunywa ya kununua kama sehemu ya renti.

Stima: beba chaja, chomeka kila soketi, washa kila swichi. Mita ni ya Kenya Power ama ni ya landilodi? Hii inaleta vita sana, mita ya landilodi yuniti huwa ghali, na hiyo ya Kenya Power inaweza kuwa na deni la aliyehama, ukinunua tokeni inakatwa. Nunua tokeni ya pesa kidogo hapo hapo, uone yuniti zinazoingia. Alafu zima taa zote mchana. Kama huoni mkono wako, vile nyumba nyingi za mtaa wa Pipeline zilivyobanana, utalipa stima saa sita ya mchana.

Sasa muage ajenti. Rudi saa mbili usiku bila yeye. Sikiliza baa, tazama kama korido ina taa, simama ngazini usalimie mtu amebeba jerikeni. Huyo ndiye wa kuuliza, "Mama, hapa dipoziti hurudishwa?" Akinyamaza kwanza kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Ukiridhika, agrimenti. Soma yote, hata kama keateka anatingisha funguo mlangoni. Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inashika nyumba za hadi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hiyo bei nje ya mabati utaitafuta sana, kwa hivyo kinachokulinda zaidi ni hiyo karatasi. Iandikwe dipoziti ni ngapi na inarudi baada ya siku ngapi, notisi ni ya muda gani, nani analipia takataka na sekyuriti, na ukihama utapaka rangi wewe ama wao. Wakisema "hiyo tutaongea tu", waambie waiandike kwa peni hapo kando, wote muweke sahihi.

Renti lipa kwa namba iliyo kwenye agrimenti, siyo ya keateka binafsi. Kabla uingize hata godoro, rekodi video ya kila nyufa, kioo na mfereji, piga picha namba za mita ya maji na stima, umtumie landilodi WhatsApp siku hiyo hiyo. Usizifute mpaka dipoziti irudi.