Kuchagua Programu ya Madokezo Yenye Akili Unde: Mhadhara kwa Wanafunzi Wanaokwenda Uwandani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda uwandani,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua programu ya kutunzia madokezo, hasa hizi ambazo siku hizi zimetiwa akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyopenda kuiita. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza ipi ni bora. Nitalijibu swali hilo, lakini naomba nianzie Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa kuwa huko ndiko nilikojifunza ninachotaka kuwaambia leo.

Nilikuwa nikifanya mahojiano na akina mama wanaolima mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na ambacho hadi sasa sehemu kubwa ya kazi yake iko mikononi mwa wanawake. Mama mmoja alinieleza kwamba hawashuki mashambani kila siku. Wanasubiri bamvua, maji yanapokupwa mbali na vigingi vyao vikabaki wazi, na siku hizo hushuka saa nne asubuhi. Nilirekodi mazungumzo hayo kwa ridhaa yake, kisha nikayaingiza katika programu iliyoahidi kunukuu sauti kuwa maandishi na kutoa muhtasari wake. Muhtasari ulikuja kwa lugha safi kabisa, ukisema kwamba wakulima wa mwani hupanga siku zao za kazi kwa kufuata mvua, na kwamba wao huingia shambani saa 4:00, kwa saa ya kimataifa. “Bamvua” ilikuwa imesikika “mvua”, na saa nne ya mama yule ikachukuliwa kuwa ni nne ya saa ya Kizungu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa ubaya wa jambo hilo: siku ya bamvua, ikifika saa kumi, iwe alfajiri au alasiri, bahari ya pale imejaa, na hakuna shamba la kushukia.

Kusikia vibaya ni kosa ambalo hata msaidizi wa utafiti aliye makini hulifanya. Lililonitia hofu ni kwamba sentensi zote zilizofuata zilijengwa juu ya neno lile moja, zikalingana vizuri, na ukizisoma peke yake huoni ufa wowote. Kama nisingekuwa na sauti yenyewe, na kama nisingekuwapo mwenyewe mama yule alipokuwa akizungumza, mvua ingeingia katika ripoti yangu, na kutoka katika ripoti yangu ingeingia katika kazi za wengine.

Kwa hiyo kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote ni hiki: nikisoma sentensi ya muhtasari, je, programu inaniwezesha kurudi hapo hapo kwenye mstari wa dokezo, au kwenye sekunde ya sauti, ambako sentensi hiyo imetoka? NotebookLM ya Google, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imejengwa kwa msingi huo. Unaipa nyaraka zako, unaiuliza, nayo huweka namba kando ya majibu yake. Ukibonyeza namba unapelekwa kwenye kifungu husika. Namba hiyo haithibitishi kwamba jibu ni sahihi. Inakuonyesha mahali pa kwenda kuhakiki, na kwa mtafiti hilo ni jambo kubwa. Programu inayotoa muhtasari mzuri bila kuonyesha umetoka wapi, mimi siwezi kuipendekeza kwa mwanafunzi, hata ikiwa rahisi namna gani.

Mtauliza kwa nini makosa haya yanatuandama zaidi sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili. Chukueni mfano wa Whisper, mfumo wa unukuzi uliotolewa na kampuni ya OpenAI mwezi Septemba 2022, ambao unatambua Kiswahili pia. Ulifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini saa zipatazo 117,000 tu ndizo zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza, na mgawanyo wenyewe haukuwa sawa. Maneno ya mvuvi, ya mkulima wa mwani au ya fundi jahazi yana nafasi ndogo sana humo. Zaidi ya hapo lugha yetu ina mahali maalumu ambapo mashine hujikwaa. Saa nimekwisha kuitaja. Kiambishi cha nafsi nacho kina hatari yake: tunasema “mwenyekiti alikataa” bila kutaja jinsia, lakini programu ikitoa muhtasari kwa Kiingereza italazimika kuchagua, na mara nyingi huchagua mwanamume, hata pale ambapo kikundi kizima ni cha wanawake. Ukanushi ndio ninaouogopa zaidi, kwa maana silabi moja iliyomezwa mwanzoni mwa “hatukukubaliana” inaweza kugeuza maana ya kikao kizima.

Hata hivyo sikuja hapa kuwakataza. Lipo jambo moja ambalo akili unde inalifanya vizuri, na kwa Kiswahili faida yake ni kubwa kuliko kwa Kiingereza, nalo ni kutafuta. Utafutaji wa zamani hulinganisha herufi tu. Ukiandika “kupanda” hautakuletea dokezo lenye “tulipanda”, wala “wamepandiwa”, wala “upandaji”, kwa sababu mzizi wa kitenzi chetu umekaa katikati na viambishi vimeuzunguka pande zote. Programu zinazotafuta kwa maana zinaweza kuyakusanya yote hayo, na hata kukuletea dokezo linalozungumzia kufunga mbegu za mwani kwenye kamba bila neno “panda” kuwamo. Miaka mingi tumepoteza madokezo yetu wenyewe ndani ya mafaili yetu wenyewe kwa sababu ya jambo hili, na ninafurahi kwa dhati kuona linaanza kupata ufumbuzi.

Suala la mahali madokezo yanapokaa nitalipitia kwa ufupi, ingawa si dogo. Mwishoni mwa mwaka 2023 Evernote, programu ya madokezo inayotunza kazi yako kwenye seva za kampuni, ilipunguza huduma yake ya bure hadi madokezo 50 na daftari moja. Waliokuwa na zaidi hawakufutiwa, ila hawakuweza tena kuongeza bila kulipa. Utafiti wa shahada ya uzamivu unaweza kuchukua miaka minne au zaidi, na masharti ya kampuni hayakusubiri. Obsidian, programu nyingine ya madokezo, kwa upande wake huhifadhi kila dokezo kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya kompyuta yako, hivyo hata programu yenyewe ikitoweka, faili litafunguka kwa programu nyingine yoyote ya maandishi, na huko Paje utaandika hata bando likiwa limeisha. Akili unde humo huongezwa kwa viambajengo, yaani programu ndogo za kupachika, jambo linalohitaji subira kidogo.

Tena madokezo yetu yamejaa watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sheria hiyo imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Unapobonyeza kitufe cha muhtasari, mara nyingi sauti ya mama yule inaondoka nchini. Alikubali kurekodiwa na wewe. Je, alielezwa kwamba maneno yake yatapita kwenye seva za kampuni asiyoijua? Fomu zenu za ridhaa ziseme hivyo kwa Kiswahili kinachoeleweka, na majina yaondolewe kabla ya kupakia chochote.

Sasa nijibu swali lenu. Mimi huweka madokezo ya uwandani katika faili za kawaida kwenye kompyuta yangu, na unukuzi naufanya kwa Whisper ndani ya kompyuta hiyo hiyo, kwa kuwa mfumo huo unaweza kufanya kazi bila kutuma sauti popote. Nyaraka zilizokwisha kuchapishwa, ambazo hazina siri ya mtu, ndizo ninazozipeleka NotebookLM. Mwenye utafiti wa aina nyingine anaweza kuchagua vingine, lakini ajaribu kwanza kwa mahojiano anayoyajua kwa moyo, yenye saa, yenye ukanushi na yenye maneno ya kazi ya watu wale, kisha asikilize sauti huku akifuata maandishi kwa kidole.

Baada ya maswali tutahamia maabara ya kompyuta. Aliye na sauti ya mahojiano na ridhaa iliyosainiwa aje nayo, tuanze na dakika kumi za kwanza.