Tiger Moth ya plastiki: hapa kwenye bawa la juu, twende taratibu

Karibuni tena mezani. Leo ni Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya Uingereza yenye bawa la juu na la chini, kipimo cha 1/48. Ndege halisi ilikuwa mita 8.94 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo yetu inafika kama sentimita 18.6.

Bodi, mkia, magurudumu: gundi, bana, acha ikauke. Viti vipake rangi sasa hivi, maana bawa la juu likishakaa, brashi haipiti tena. Mwanafunzi nyuma, mwalimu mbele. Matundu ya nyaya za kati ya mabawa nayo yatoboe sasa.

Haya, bawa la juu. Unaona katikati yake pamesogea mbele, halafu ncha zimerudi nyuma? Kiwanda hakijakosea, usijaribu kulinyoosha! Tangi la mafuta liko katikati ya bawa hilo. Kwenye Moth za mwanzo, ndege zilizoitangulia hii, sehemu hiyo ilikuwa juu ya kiti cha mbele, na mwalimu mwenye parachuti alipata taabu kutoka kwenye kiti cha mbele. De Havilland, kampuni iliyoitengeneza, wakasogeza sehemu ya katikati mbele, kisha wakayarudisha mabawa nyuma ili uzito usiyumbe. Ikaruka Oktoba 26, 1931, na mwaka uliofuata jeshi la anga la Uingereza likaanza kuifundishia marubani. Umbo hilo tu ndilo linanifanya niipende kuliko ndege zote za enzi zake.

Nguzo nne za katikati kwanza. Tone dogo la gundi, halafu bawa usiliguse. Nimesema usiliguse! Ziache mpaka kesho.

Ngoja, ngoja. Hapo kwenye kamera nguzo ya kulia imelala. Gundi bado mbichi, naisukuma kwa kijiti cha meno... taratibu... imesimama. Ingekauka vile, bawa lote lingekaa upande.

Zikishakauka, laza bawa chali mezani, geuza bodi, shusha nguzo kwenye matundu yake. Jaribu bila gundi kwanza. Tena: bila gundi kwanza.

Nyaya natumia nailoni ya kuvulia, ile nyembamba kabisa. Supa gluu kwa ncha ya sindano tu, na vioo visiwe vimewekwa bado, mvuke wake unavitia ukungu.

Rangi? Mimi napaka njano, kama ndege za mafunzo za jeshi la anga la Uingereza za miaka ya 1930. Vioo, kisha rafadha mwisho kabisa, maana kila ukiishika ndege, rafadha ndiyo ya kwanza kuvunjika.