Ami na Kitufe Kilichozama

ATHUMANI: Asalaam aleikum, wapenzi wasikilizaji, karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia mambo matatu ya utengenezaji wa programu za simu, nayo ni Gradle, tofauti ya Espresso na Maestro, vyombo viwili vya kuzijaribu programu, na namna ya kuzitumia simu zilizo mbali kwa majaribio. Yote nimeyaandika katika karatasi hii. Lakini Zuhura ameingia hapa amenuna tangu mlangoni, kwa hiyo tutaanza naye.

ZUHURA: Waaleikum salaam. Sijanuna, nina usingizi. Jumatatu mlango wangu uligongwa saa kumi na mbili na robo alfajiri, nikafungua nikamkuta mtoto wa jirani aliyetumwa kutoka barazani. Ujumbe aliopewa ulikuwa mfupi: "Ami anauliza mahamri yamelala wapi."

ATHUMANI: Wasikilizaji wetu wa siku zote wanamjua Ami, yule mzee wa barazani. Wanachotaka kukijua ni jinsi alivyoingia katika kazi yetu.

ZUHURA: Aliingia kwa sababu ya hesabu. Ile programu yangu ya kuagiza mahamri na mbaazi kwa mama wa Kibokoni imefikia hatua ya kujaribiwa na watu. Akaunti za mtu binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hutakiwa na Google Play zipate kwanza wajaribu wasiopungua 12, waliojiunga kwa hiari yao na kubaki siku 14 mfululizo, ndipo mwenye programu aombe ruhusa ya kuiweka hadharani. Mwanzoni walitakiwa 20, idadi ikapunguzwa Desemba 2024. Mimi nilikuwa na watu kumi na mmoja, wakiwamo dada zangu na wewe.

ATHUMANI: Mimi ambaye nimeifungua mara moja.

ZUHURA: Hilo nimeliona. Wa kumi na mbili akawa Ami, kwa mapatano ya kahawa na kashata kila jioni. Basi usiku wa Jumapili, baada ya Isha, aliketi barazani akachagua mahamri kumi na mbaazi za watu wawili, akaiona jumla, akatafuta pa kulipia asipaone. Mtu mwingine angesema programu imeharibika. Ami alisema moyoni kwamba mwenye mahamri anamwamini na kwamba atalipa akishaletewa, kama walivyokuwa wakiandikiana katika daftari la duka zamani. Akaitia simu mfukoni, akalala, akaamka, akaswali, kisha akakaa na kahawa yake kungoja.

ATHUMANI: Na mahamri yalifika?

ZUHURA: Yangefikaje, Athumani, na agizo halikutumwa? Baya zaidi ni kwamba upande wangu kulikuwa kimya kabisa. Programu inapoanguka, mimi hupata taarifa ya hitilafu na mstari ulioisababisha. Hii haikuanguka. Kwa kompyuta hapakutokea lolote. Kulikuwa na mzee mmoja tu aliyefungua ukurasa, akautazama, akaufunga.

ATHUMANI: Waeleze kilichokificha kitufe, maana hapo ndipo penye somo.

ZUHURA: Simu ya Ami aliletewa na mwanawe kutoka Dubai, nayo ina Android 14, toleo linalomruhusu mtu kuyakuza maandishi hadi asilimia 200. Ami ameyakuza hadi mwisho wa kipimo. Sasa, katika Android maandishi hupimwa kwa sp, ambayo hukua kadiri mwenye simu anavyotaka, ilhali visanduku na vitufe hupimwa kwa dp, ambayo haina habari na macho ya mtu. Kitufe changu nilikipa urefu wa dp 48. Mwongozo wa Android huitaja dp 48 kuwa kipimo cha chini kabisa kwa kitu cha kuguswa na kidole, nami kwa mkono wangu nikakifanya kipimo pekee. Maneno "Thibitisha malipo" yalivunjika mistari miwili na wa pili ukakatwa. Hata huo wa kwanza Ami hakuuona, kwa sababu orodha ya vyakula ilivimba, ikakisukuma kitufe kizima chini ya ukingo wa skrini, na ukurasa sikuuweka ndani ya ScrollView ili uweze kusogezwa.

ATHUMANI: Kwa haki ya Android 14, niongeze kwamba ukuzaji wake hauko sawa kwa maandishi yote. Yaliyokwisha kuwa makubwa, kama vichwa vya habari, hukuzwa kwa kiasi kidogo kuliko maandishi madogo, ili ukurasa usivurugike. Lakini haiwezi kumwokoa mtu aliyekifunga kitufe chake katika dp 48.

ZUHURA: Ahsante kwa kunitetea.

ATHUMANI: Nilikuwa naitetea Android. Turudi kwenye karatasi sasa. Gradle ndicho chombo kinachokusanya msimbo, picha na maktaba za programu na kuviunganisha...

ZUHURA: Hujasikia ya Jumanne.

ATHUMANI: Yapo ya Jumanne?

ZUHURA: Jumatatu ile ile nilirekebisha. Nikaondoa urefu uliofungwa, nikaweka dp 48 kuwa urefu wa chini tu, nikautia ukurasa ndani ya ScrollView, nikatoa toleo jipya. Jumanne jioni nikaenda mwenyewe barazani, nikaketi kando yake nimtazame bila kusema neno. Ami hubonyeza kwa kidole cha kati, na kidole cha shahada kimenyooka hewani, kama ashikaye kikombe cha kahawa kisimchome. Akachagua mahamri kumi, akausogeza ukurasa, akakiona kitufe, akakibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kisha bila kushangaa hata kidogo akailaza simu ubavu, na skrini ikageuka pamoja naye.

ATHUMANI: Kwa nini ailaze?

ZUHURA: Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba ukanda wa chini wa kioo umekufa tangu simu ilipoanguka kwenye ngazi, kwa hiyo kila anapotaka kubonyeza kitu kilicho chini huigeuza simu ili mahali hapo pawe pembeni. Amekuwa akifanya hivyo tangu Ramadhani. Lakini simu ikigeuzwa, Android huiharibu Activity, yaani ukurasa uliokuwa wazi, na kuiunda upya, na hesabu ya mahamri mimi niliihifadhi ndani ya Activity yenyewe badala ya ViewModel, ambayo hubaki simu ikigeuzwa. Kila akigeuza, mahamri yanarudi sifuri. Athumani, mzee alihesabu mahamri kumi mara nne mbele ya macho yangu. Mara ya tano aliniangalia, akasema, "Zuhura, hii programu yako inafunga?"

ATHUMANI: [anacheka] Kwa hiyo Jumanne pia hakula.

ZUHURA: Jumatano nilimpelekea kwa mkono.

ATHUMANI: Sasa niruhusu niseme kitu, wala usikasirike. Hayo yote mawili yangekamatwa kabla Ami hajajua kwamba programu ipo. Ukiiunganisha simu na laptopu, au ukifungua emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya laptopu, unaandika amri moja ya adb, chombo cha kuiamuru simu kutoka kwenye laptopu, "settings put system font_scale 2.0" ndani ya shell, na maandishi yote yanakua mara mbili. Kisha unaendesha majaribio yako yale yale ya Espresso. Espresso hukataa kubonyeza kitu ambacho hakionekani kwa angalau asilimia 90, kwa hiyo jaribio lingeanguka papo hapo na kukutajia jina la kitufe. Na kugeuza simu ni alama moja pembeni mwa emuleta. Haya ni mambo mawili ya mwanzo kabisa.

ZUHURA: Ungejuaje kuiandika amri hiyo kabla ya Ami?

ATHUMANI: Ningejua kwa sababu imeandikwa. Maandishi makubwa, kugeuza skrini, kuzimwa kwa programu iliyo nyuma, mtandao unaokatika, lugha zenye maneno marefu; orodha hiyo inajulikana na kila anayejaribu programu za simu. Android ina hata lugha bandia ya majaribio, en-XA, inayorefusha maneno makusudi ili uone yanapofurika.

ZUHURA: Katika orodha yako, kioo kilichokufa ukanda wa chini kimeandikwa mstari wa ngapi?

ATHUMANI: Hakimo, wala hakina haja ya kuwamo. Kioo kilichokufa hakikuwa kosa lako. Kosa lako lilikuwa kupoteza data simu inapogeuzwa, na hilo limo.

ZUHURA: Majaribio niliyokuwa nayo yalipita yote. Nilikuwa na rangi ya kijani kutoka juu hadi chini, na kijani hicho ndicho kilichonilaza usingizi. Waswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

ATHUMANI: Na mimi nakwambia kunguni wa kitanda hiki wameandikwa katika mwongozo, kwa majina, na dawa yao imetajwa. Ami humjaribii programu mara mia tatu kwa usiku mmoja. Ukibadilisha mstari mmoja kesho, utamwamsha ahesabu mahamri tena? Mashine haichoki wala haitaki kashata.

ZUHURA: Wala haina njaa. Emuleta haikutaka kula. Aliyetaka kula ndiye aliyenionyesha kwamba asipoona pa kulipia hataniambia, atangoja tu, na hilo hakuna jaribio la Espresso litakaloniandikia. Tangu Jumatatu nimebadilisha ukurasa ule ili agizo ambalo halijatumwa lijitangaze kwa maneno juu kabisa: "Bado hujaagiza." Maneno hayo mawili niyapate katika mwongozo upi?

ATHUMANI: Hayo nakubali yametoka kwa Ami. Lakini hayo ni usanifu, si majaribio.

ZUHURA: Kwangu hayatengani.

ATHUMANI: Kwangu yanatengana, na ndiyo maana naulizia zile pesa. Wasikilizaji, Zuhura ameweka akiba kidogo kwa ajili ya vifaa. Laptopu yake ina kumbukumbu (RAM) ya GB 8. Wenyewe Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, wanasema GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kuiendesha yenyewe, na ukitaka na emuleta pamoja, wanataja GB 16. Mimi namshauri aongeze kumbukumbu, aendeshe emuleta mbili tatu za matoleo mbalimbali, apumzike. Yeye anataka kununua nini? Sema mwenyewe.

ZUHURA: Simu mbili kuukuu, na ikiwezekana ziwe na nyufa.

ATHUMANI: Ziwe na nyufa!

ZUHURA: Nimekaa na laptopu hii miaka, na feni yake naijua inavyovuma Gradle ikianza kazi na emuleta ikiwa wazi. Tangu nianze kutumia simu halisi, laptopu imepoa. Naiunganisha kwa waya, au bila waya kwa sababu Android 11 na kuendelea zinaruhusu, kisha naitazama skrini yake kwenye laptopu kwa scrcpy, na amri yako ya font_scale inafanya kazi huko huko. Kwa hiyo simu itanipa mashine yako na kitanda changu kwa pamoja.

ATHUMANI: Itakupa toleo moja la Android na ukubwa mmoja wa skrini. Emuleta hukupa simu ndogo, kubwa na tableti bila kununua kitu. Na anayetaka vifaa halisi bila kuvinunua, Firebase Test Lab ya Google ina simu halisi katika vituo vyao, unaituma programu yako huko na unarudishiwa video na kumbukumbu za kilichotokea; jaribio lao la Robo huzunguka kurasa zako lenyewe bila wewe kuandika msimbo. Hilo lilikuwa jambo la tatu katika karatasi yangu.

ZUHURA: Simu hizo ni safi, zimepangwa vizuri, na hazijawahi kuanguka ngazini.

ATHUMANI: Ngazi zimekukaa moyoni.

ZUHURA: Zimekaa. Nawe sema ukweli, programu yako ya ratiba za matatu, mtu wa kwanza aliyeitumia nje ya nyumba yenu alikuwa nani, na ilikuwa baada ya miezi mingapi ya majaribio ya mashine?

ATHUMANI: Hilo halihusiani.

ZUHURA: Miezi mingapi?

ATHUMANI: Minane. Na haikuwa na hitilafu hata moja.

ZUHURA: Kwa sababu haikuwa na mtumiaji hata mmoja.

ATHUMANI: Sikubali, Zuhura. Kucheka nacheka, lakini sikubali. Mtu anayeanza leo akitusikiliza ataacha kuandika majaribio, akatafute mzee wa baraza, na siku programu yake itakapokuwa na watu elfu moja kila badiliko litavunja kitu asichokiona.

ZUHURA: Na akikusikiliza wewe atanunua kumbukumbu. Mimi pia sikubali.

ATHUMANI: Basi. Imebaki dakika moja na nusu, adhana ya Magharibi iko karibu, na mwenye chumba amekwisha kutuchungulia mara mbili. Gradle sikuifikia. Espresso imetajwa kwa ugomvi, na Maestro haikupata hata neno moja, maskini, nayo ni rahisi kwa anayeanza kwa sababu majaribio yake huandikwa katika faili ya YAML kama mtu anayeandika maagizo. Karatasi naikunja.

ZUHURA: Itunze, tutaihitaji. Tatizo langu la sasa ni jingine. Ami ametimiza siku tisa, na wajaribu wanatakiwa kukaa 14 mfululizo. Akijitoa, nabaki na kumi na mmoja.

ATHUMANI: Amesema anajitoa?

ZUHURA: Amesema tangu awe mjaribu wangu amekula mahamri mara chache kuliko zamani, alipokuwa akienda kununua kwa miguu.

ATHUMANI: Siku tano, mahamri kumi kila siku. Mpelekee, usimwambie ni kwa ajili gani.

ZUHURA: Na mbaazi?

ATHUMANI: Za watu wawili. Wasikilizaji, tukutane wiki ijayo, inshallah.