Hiroshima: kamera ilitazama wapi?

ZUHURA: Haya Baraka, ile filamu ya mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, ninayoiita propaganda, umeiona? Usiniambie uliiwasha ukalala.

BARAKA: Dakika 12 tu, dada, mtu atalala saa ngapi? *A Tale of Two Cities*, mwaka 1946, Wizara ya Vita ya Marekani. Na nisikufiche, sijaona propaganda pale. Mji umesawazishwa, wameuonyesha umesawazishwa. Viwanda vya Nagasaki vimekunjamana, wameonyesha. Uongo uko wapi?

ZUHURA: Sijasema wamedanganya. Katika dakika hizo zote, mkazi gani wa mitaa ile amepewa nafasi ya kusema?

BARAKA: Yule padre.

ZUHURA: Padre John Siemes, Mjesuiti, Mjerumani. Ni shahidi wa kweli, simpingi, ila siku ile alikuwa kwenye nyumba ya shirika lake ya kulea mapadre, pembezoni mwa mji. Hiroshima peke yake walikufa watu wapatao 140,000 kufikia mwisho wa 1945. Akakosekana Mjapani wa kusogezewa maikrofoni?

BARAKA: Labda ilikuwa tabu ya lugha.

ZUHURA: Lugha! Japani nzima iko mikononi mwa Wamarekani, wakose mkalimani?

BARAKA: (anacheka) Haya, hapo umenibana.

ZUHURA: Halafu anza kule nyuma, tarehe 9 Agosti 1945. Rais Truman wa Marekani anasema redioni kwamba bomu la kwanza la atomiki limeangushwa Hiroshima, kambi ya kijeshi.

BARAKA: Lakini jeshi lilikuwepo. Makao makuu ya Jeshi la Pili yalikuwa palepale.

ZUHURA: Yalikuwepo, na shule zilikuwepo. Ukitaja kimoja ukanyamazia kingine, hujasema uongo, ila msikilizaji anaondoka akidhani waliokufa ni askari. Filamu imefuata njia hiyohiyo: zege, chuma, umbali kutoka bomu lilipolipukia. Ngozi za watu hazipo.

BARAKA: Pengine hawakuwa na picha za watu.

ZUHURA: Walikuwa nazo, ndugu yangu! Kampuni ya Kijapani, Nippon Eigasha, ilipeleka wapiga picha mwaka huohuo wa 1945. Wakaingia hospitalini, wakapiga picha za majeraha ya moto, za watoto walionyonyoka nywele. Wamarekani wakaichukua kazi yote, wakaifungia. Wale Wajapani kwa siri wakaficha nakala. Rasmi, filamu ilirudishwa Japani 1967. Miaka zaidi ya 20!

BARAKA: Duh.

ZUHURA: Na jeshi lenyewe la Marekani lilikuwa na picha za rangi, za Luteni Daniel McGovern na wenzake. Nazo zikagongwa muhuri wa siri. Wakati huo raia wa Marekani wanalipia majaribio ya mabomu mapya, na watoto wa shule wanaonyeshwa katuni ya kobe akiwafundisha kujificha chini ya dawati.

BARAKA: Bert! Kobe mwenyewe anapendeza, tatizo lile dawati. Lakini ngoja, nina swali. Mwaka 1970 Erik Barnouw, mwanahistoria wa filamu wa Marekani, anaitumia mikanda ile ya Wajapani. Saa mbili na ushee za picha anazikata hadi dakika 16, na anabakiza hasa watu walioungua. Na yeye si amechagua? Kwa kipimo chako, huyo naye ni mpiga propaganda.

ZUHURA: Amechagua, ndiyo. Tofauti ni kwamba Barnouw hakuwa na kabati la kufungia mikanda ya wenzake.

BARAKA: Hiyo ni hoja ya kabati, siyo ya filamu.

ZUHURA: Basi mimi nabishania kabati.