Aliir Aliir na kazi ya kungoja

(Mhadhara kwa vijana wanamichezo, Nairobi)

Mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, hamjambo. Nimekuja na mpira wa futiboli ya Australia, na habari za mchezaji wake mmoja. Kabla sijasema neno, ngoja niudundishe.

Mmeona? Umekwenda kwa mwalimu mkuu. Niwie radhi, mwalimu. Nimeishi Melbourne miaka kumi na miwili, kila Jumamosi nachua misuli ya wachezaji wa klabu ndogo ya mtaani kwetu, na mpaka leo mpira huu ukigusa chini siwezi kuapa utaelekea wapi. Upitisheni, kila mtu aushike. Una ncha mbili kama wa raga, ila ni mwembamba zaidi. Huu mwekundu ni wa mchana. Usiku wanatumia wa manjano ili uonekane chini ya taa. Mchezaji wa kulipwa akikimbia nao lazima audundishe au auguse chini kila mita 15, umrudie mkononi, na nyuma yake kuna jitu la kilo 90 linakuja kumwangusha.

Mchezo wenyewe nitaupitia upesi. Sheria zake ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla Waingereza hawajaunda chama chao cha soka. Uwanja ni wa duara lililorefuka, mara nyingi uleule wa kriketi. Kila upande watu 18, robo nne, na hakuna kuotea, kwa hiyo adui yako anaweza kukusimamia mgongoni siku nzima. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne. Ukipiga teke likapita kati ya mbili za katikati, pointi 6. Ukikosa likapita kati ya nguzo ya katikati na ya pembeni, pointi 1. Wenzetu wanamlipa hata aliyekosa. Kurusha mpira kwa mkono ni kosa: unaulaza kwenye kiganja kimoja, unaupiga ngumi kwa mkono wa pili. Na ukiudaka hewani, kama umepigwa teke umbali wa mita 15 au zaidi na haujaguswa na mtu njiani, ni wako. Hakuna ruhusa ya kukuvamia. Unarudi nyuma, unavuta pumzi, unapiga.

Huko kudaka ndiko kumempa ugali mtu niliyekuja kumzungumzia, Aliir Aliir. Alizaliwa Kakuma, hapa hapa Kenya, Septemba 1994. Kambi ilikuwa na miaka miwili tu, na wazazi wake walikuwa wameikimbia vita kusini mwa Sudan. Magazeti ya Kiingereza hupenda kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwepo. Mimi Kiswahili nimekinyonya na maziwa ya mama, na hicho chao sikijui. Huenda waliuliza mtu aliyekuwa na haraka. Basi, Aliir alitoka huko akiwa bado mtoto, familia ikatua Brisbane, baadaye akahamia Perth, na akawa anachezea East Fremantle katika ligi ya jimbo la magharibi.

Sasa hapa niruhusuni nikae kidogo.

Kwetu, kijana akiutandika vizuri mpira wa miguu, klabu yenye pesa inatuma mtu, anaongea na baba, anaongea na mjomba, wanapatana bei. Kule hapana. Tangu 1986 kuna kitu wanakiita drafti, na si ile yetu ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Mwisho wa msimu klabu zote zinakaa, timu iliyoshika mkia inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, wanazunguka. Kijana hachagui mwajiri. Unaweza kuwa umelelewa Perth, mama yako yuko Perth, mchumba wako yuko Perth, likatajwa jina lako na klabu ya Sydney, zaidi ya kilomita 3,000 mashariki. Unafunga mzigo. Makusudio ni kwamba matajiri wasinunue vipaji vyote, na jumla ya mishahara ya kila klabu nayo imewekewa kikomo. Nakubali ni haki kwa klabu. Kwa kijana mwenyewe, hilo ni jambo jingine.

Mwaka 2013 Sydney Swans walimchukua Aliir akiwa wa 44. Maana yake majina 43 yalitangulia. Alikuwa na miaka 19.

Halafu? Halafu hakuna. Msimu wa 2014 ukapita, hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. 2015 ukapita, vilevile. Mtu ana mkataba, ana jezi, analipwa, jirani zake wanajua ni mchezaji wa Swans, na wikendi anacheza na kikosi cha akiba. Nyinyi mnaotaka kuwa wachezaji wa kulipwa, ulizeni juu ya siku hizo, maana za magoli mtaonyeshwa na televisheni. Mchezaji anabanwa ngozi ya tumbo kwa kikoleo kupimwa mafuta. Anavaa fulana yenye kifaa kidogo kati ya mabega kinachohesabu kila mita aliyokimbia, kwa hiyo hata kutegea hakuna. Anakalishwa mbele ya video kuonyeshwa alisimama hatua tatu pasipostahili. Kisha Alhamisi kikosi kinatajwa, jina lako halimo, na Ijumaa asubuhi unatakiwa mazoezini ukitabasamu. Hata kwenye klabu yetu ya mtaani, ambako mshahara ni soseji na soda, Alhamisi usiku naona watu wazima wakikaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Na kulikuwa na jambo lingine katika miaka hiyo miwili. Klabu hiyohiyo ilikuwa na Adam Goodes, mtoto wa wenyeji wa asili wa Australia, mechi 372, ubingwa mara mbili, medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili, 2003 na 2006. Medali hiyo waamuzi ndio wanaoipigia kura, kwa hiyo si ya kupendelewa na mashabiki. Mwaka 2013 Goodes alimnyooshea kidole shabiki aliyemtukana nyani, na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka 13. Goodes akaomba watu wasimwandame yule mtoto. Badala yake aliyeandamwa ni yeye: kufika 2015 alikuwa akizomewa kila anaposhika mpira, uwanja baada ya uwanja, mpaka akaondoka mchezoni mwisho wa msimu. Ligi ilikuja kuomba msamaha mwaka 2019, miaka minne baadaye. Sitabahatisha kijana wa Kakuma aliwaza nini akiyaona hayo. Ninachosema ni kwamba alikuwa amekaa mlemle.

Mlango ukafunguka 2016. Aliingia kama mlinzi, na ulinzi wake si wa kumshika mtu tu. Angalieni mikono yangu. Mpira unakuja juu, umepigwa kuwaendea washambuliaji wao. Mlinzi wa kawaida anakaa mgongoni kwa mtu wake, anatoa ngumi, anauharibu, basi. Aliir anamwacha mtu wake mapema, na hapo ndipo kocha anaposhika kichwa. Anasoma mahali utakapoangukia, anakimbia, ananyanyua goti moja kama anayepanda ngazi, na anaudaka mbele ya uso, viganja vimefunguka. Kilichokuwa shambulizi lao kimekuwa mpira wetu. Akikosea hesabu kwa hatua moja, yule aliyemwacha yuko peke yake mbele ya goli.

Mwaka huo Sydney walifika nusu fainali dhidi ya Geelong pale MCG, uwanja mkuu wa Melbourne, wakashinda. Aliir akaumia goti katika mechi ileile. Fainali ikachezwa Oktoba mosi bila yeye, na Sydney wakafungwa 89 kwa 67 na Western Bulldogs, timu ya magharibi mwa Melbourne iliyokuwa haijatwaa ubingwa tangu 1954. Melbourne nzima ililia kwa furaha, na mimi, nakiri, nilikuwa mmoja wao, maana naishi upande huo wa mji. Mwaka uliofuata, 2017, alicheza mechi chache sana. Tunarudi kule kule kwa Alhamisi.

Mwisho wa 2020 alihamia Port Adelaide. Hapa pia msifikirie mamilioni kama ya Ulaya. Klabu hainunui mchezaji kwa fedha. Inampata kwa kutoa mchezaji mwingine au zamu yake ya kuchagua kwenye drafti. Yaani unabadilishwa na kijana ambaye bado yuko shule na hajulikani ni nani. Kuna watu hilo lingewavunja. Yeye, katika msimu wake wa kwanza pale, 2021, aliitwa kwenye kikosi cha heshima cha All-Australian, wachezaji 22 bora wa ligi nzima. Kutoka drafti mpaka hapo ni misimu minane.

Kuna bei yake. Julai 2023, katika mechi ya watani wa jadi wa Adelaide, aligongana vichwa na mwenzake wa timu, Lachie Jones. Alirudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo, na klabu ikatozwa faini ya dola 100,000, nusu yake ikisimamishwa. Kanuni inasema aliyethibitika kutikisika ubongo akae nje angalau siku 12. Mimi nimeshika shingo za wachezaji walioanguka, na nawaambia, mchezaji mwenyewe ndiye wa mwisho kuulizwa. Atakwambia yuko sawa huku hajui ni robo ya ngapi. Kama mmeamua kusahau yote niliyosema, hili lishikeni.

Naona mkono pale. Uliza, dada... Ndiyo, wanawake wanayo ligi yao tangu 2017. Na ukitaka jina kutoka huko huko kambini, mtafute Akec Makur Chuot: alikulia Kakuma, akahamia Perth, akachezea Fremantle, Richmond, na Hawthorn. Alipofika Australia alikuwa hajawahi kuuona mpira wa namna hii. Wewe leo umeshaushika, umemtangulia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mpira wangu umefikia wapi? Kule nyuma. Haya, kijana, nirudishie.

La, usiurushe. Ngumi.